Baraka Katika Waya wa Simu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kompyuta moja ya mtumba na maringo ya mtu mwenye kumi. Niliiweka sebuleni kwa wazazi wangu, Githongo, kwa sababu simu ilikuwa pale. Majirani waliokuja kungoja simu za watoto wao walilazimika kuitazama, na mimi sikuchoka kuwaeleza ilivyofanya kazi, watake wasitake.

Dada yangu mdogo alikuwa Uingereza, na Jumamosi iliyokuwa inakuja angeolewa hukohuko. Baba hangeweza kusafiri. Alikuwa amepasuliwa koo, na ile sauti yake iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde la kahawa ikabaki mnong'ono. Bahati nzuri, kabla ya kupasuliwa tulimrekodi kwenye kanda akimbariki binti yake. Dada aliomba kitu kimoja tu: sauti hiyo, ya baba mzima, isikike harusini.

Kwa posta kanda isingefika kwa wakati. Nikaiingiza kwenye kompyuta ikawa faili, nikaituma kwa barua pepe, ikarudishwa na ujumbe kwamba ni kubwa mno. Basi nikaamua kompyuta yangu igeuke ghala: nitaiunganisha na intaneti, nimpe dada nywila, aingie mwenyewe kutoka huko aliko na kujichukulia. Tatizo ni kwamba kila nilipounganishwa, kompyuta ilipewa anwani mpya, tarakimu tupu. Tukakubaliana kwamba nikishapata anwani ya wakati huo nitamwandikia, naye aingie upesi kabla mambo hayajabadilika.

Tulichagua Jumapili asubuhi, majirani wakiwa kanisani, maana mtu akiinua tu mkonga wa simu, kila kitu kinakatika. Mama naye alienda kanisani. Baba alibaki kwa ajili ya koo lake, na nilimweleza taratibu kwamba binti yake angepitia kwenye waya wa simu kuchukua baraka.

"Sasa yeye atakuwa hapo ndani?" akaninong'oneza, akiielekezea simu kidole.

"Ndio, baba. Lakini usiguse."

Modemu ilipiga mayowe yake, ikatulia. Nikatuma anwani. Baada ya muda nikaona kwenye skrini kwamba mtu ameingia na faili imeanza kwenda. Furaha niliyoipata haielezeki. Nilijiona fundi wa mafundi, nikatoka nje hadi jikoni kujipikia chai ya ushindi.

Niliporudi, baba alikuwa amesimama wima, mkonga sikioni, kiganja cha mkono wa pili kimeinuliwa, ananong'ona. Skrini ilisema muunganisho umekatika.

"Baba! Umekata! Ilikuwa imefika nusu!"

"Mtoto amekuja kuchukua baraka," akasema, bila kuuweka mkonga chini, "na mimi nikae tu kwa kiti kama mgeni?" Kisha akaongeza, kwa wasiwasi: "Nimemwambia, lakini haitikii. Ni kelele tu."

Hapo hasira zangu zikaanza kupungua. Kwetu, mzee akibariki, anayebarikiwa huitikia kila neno, na mzee humngoja aitikie ndipo aendelee. Kanda haimngoji mtu. Kumbe jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku tulipomrekodi, na mimi nilikuwa nimeshughulika na tarakimu.

Nilimwomba mkonga, nikaurudisha mahali pake. Kabla sijaunganisha upya, simu ikalia. Alikuwa dada.

"Imekatika! Nimepata nusu tu. Hebu washa tena."

Baba alikuwa tayari ameninyang'anya mkonga. Akaanza upya, tangu mwanzo, kwa ule mnong'ono wake. Kila aliponyamaza, sauti nyembamba ya dada ilitoka kwenye mkonga: "Amina." Baba alingoja aisikie, akameza mate kwa uchungu, akaendelea. Nilisimama kando ya kompyuta yangu, na nilimwonea wivu dada.

Baba alipomaliza alinipa mkonga, akaketi akiwa amechoka kabisa. Nilisikia dada analia.

"Sasa ile file nikuwekee tena?" nikamuuliza.

Alipenga kamasi kwanza.

"Weka tu, wageni wasikie," akasema. "Mimi nishapata yangu."