Betri ya Kipimo cha Rukia

Nusura nimzike bibi harusi wangu leo!

Shikamooni wakubwa, mnisamehe kuwashtua.

Mwanangu Rukia mnamjua, hapa Mlingotini hakuna mwali mzuri kama yeye, na ugonjwa wake wa sukari anao tangu mdogo.

Yumo ndani anapakwa hina, mara jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea ovyo.

Somo yake, kungwi anayemfunda, ananiambia, "Mama Rukia, huo woga wa harusi tu."

Woga gani unalowesha kanga?

Nikachukua kipimo cha sukari. Hakiwaki! Betri imekwisha, ile ya duara kama kifungo, na madukani hapa haipo.

Nikamtia sukari mdomoni huku naangaza chumbani. Nikaiona mishumaa ya betri ya kupambia kitanda! Nikaibomoa kwa kisu. Betri ileile, nikaitia kwenye kipimo, kikawaka.

Nikamfuta hina mbichi kidole gumba nimtoboe.

"Unaniharibia pambo!" somo akapiga kelele.

"Liharibike, nibaki na mwanangu!"

Kipimo kikasoma 2.6. Imeshuka vibaya! Nikamnywesha soda, akatulia, akaniuliza, "Mama, unalia nini?"

Nataka kumpima tena, kipimo kimezima. Betri zote za mishumaa nimejaribu, hazina nguvu.

Jamani, mlioko Chalinze au Dar, nileteeni betri mpya leo hii. Namtazama usoni tu, sijui sukari imefika wapi.

Harusi haiahirishwi. Wote nawataka hapa nyumbani Jumamosi, baada ya Alasiri.