Masikio ya Kando

Redio yangu ilikuwa kwenye kibanda karibu na soko la samaki la Nchelenge. Wafanyabiashara walikuja hapo kuongea na Kilwa, ng'ambo, upande wa Kongo. Ili sauti ivuke ziwa, nilifunga antena nne juu ya boriti moja, nikazigawia mkondo wa umeme sawasawa, kama wavuta kokoro wanavyogawana samaki ufukweni: kila mmoja fungu lake, asinung'unike mtu.

Kilwa ilisikika vizuri mpaka fundi wa kuchomelea vyuma alipofungua karakana upande wangu wa kulia. Kila alipogusisha chuma, spika ilikwaruza. Nikageuza boriti nimkwepe. Kilwa ikapotea, yeye akabaki. Wauza samaki wakasema antena yangu imemchumbia fundi.

Wiki moja upepo ulikuwa mkali. Mama mmoja Mkongomani, ambaye mume wake alikuwa amevuka na mashua ya chumvi, alikaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, akingoja kusikia kama wamefika. Kilwa walijibu, lakini betri yao ilikuwa dhaifu. Katikati ya mikwaruzo nilipata neno "mashua" tu, na yeye pia alilisikia. Nilikwenda kumwomba fundi apumzike. Kabla sijasema neno, akanionyesha alichokuwa anaunga: kishikio cha injini ya mashua itakayokwenda kuwatafuta watu wa mashua ya chumvi. Sikuweza kumzuia.

Nikarudi kwenye kitabu changu cha antena. Mchoro ulionyesha pande ambazo antena husikia: sikio kubwa mbele na masikio madogo kando. Fundi alikuwa ndani ya mojawapo. Masikio hayo ya kando yalikuzwa na ule mgawo wangu wa sawasawa. Antena za mwisho zilitakiwa kupewa kidogo, za katikati zaidi. Sikio kuu lingepanuka na kupungua nguvu kiasi, hilo nililikubali. Nikaunda upya kebo za kugawa mkondo, za katikati zipate mara tatu, nikapanda kuzifunga. Mama alinishikia ngazi.

Fundi alikuwa bado anachomelea. Kwenye spika ulibaki mkwaruzo mdogo, na juu yake sauti ya mtu wa Kilwa, akiongea polepole.

"Mashua ilifika. Batu bote beko bazima. Bwana yake iko hapa, iko nakula bukari."

Aliposikia mumewe anakula bukari, ugali wa kwao, mama akakaa chini.

"Papa, mumuambie miye siyakula tangu jana."

Nilipokwisha kuupeleka ujumbe huo, nilikwenda kumwambia fundi kwamba mashua ya kuwatafuta haina haja ya kuondoka. Akazima mashine, akavua miwani, akauliza kama kelele zake zilitusumbua. Nikamwambia hapana.