Mercedes ya Mzee Yusufu Yapata Kazi Mpya

PALMA, kaskazini mwa Msumbiji, 2014. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Rajabo Amade anaingia ndani ya Mercedes rangi ya maziwa, anazungusha ufunguo nusu, kisha anatulia na mikono yake mapajani. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya njano. Mpaka izimike yenyewe, hagusi kitu.

"Dizeli ya zamani haitaki pupa," anasema. "Watu wananiambia, Rajabo, washa twende. Nawaambia ngojeni, bado haijapata joto."

Taa inazimika. Injini inakohoa mara mbili, inatoa moshi mweusi, halafu inatulia katika mngurumo mzito unaojulikana mtaa mzima. Kiti cha nyuma kimetandikwa godoro la sufi lililofunikwa kitenge. Asubuhi hii anakwenda Quionga kumchukua mwanamke mwenye mimba ya mapacha, ambaye muuguzi ameshauri asogee karibu na hospitali kabla siku hazijafika.

Rajabo ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa ameendesha gari hilo hilo, ila si kwa kazi hii. Lilikuwa la Mzee Yusufu Mashaka, mfanyabiashara wa nguo na sukari ambaye baba yake alitokea Mtwara. Lilitengenezwa mwaka 1983, likanunuliwa Tanzania likiwa limeshatumika, na mwaka 1995 likavushwa mto Rovuma juu ya pantoni pale Namoto, mpakani. Rajabo ndiye aliyelitoa kwenye pantoni. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekaa nyuma ya usukani wake.

Miaka ya karibuni macho ya Mzee Yusufu yamefifia, na safari zake zimekwisha. Wakati huo huo mji umejaa wageni. Tangu gesi ipatikane baharini miaka minne iliyopita, chumba cha kupanga kimekuwa taabu kupatikana, na mwenye gari hakosi wa kumwajiri.

Ndipo Rajabo na mkewe, Laila, walipoanza kupiga hesabu zao. Mzee hasafiri tena. Watoto wake wako Dar es Salaam na wana magari yao. Gari angempa nani kama si dereva wake? Laila alishamwona akilini mumewe akiwabeba wahandisi kutoka uwanja wa ndege mpaka nyumba za wageni.

"Sikuwahi kumwomba," anasema Rajabo. "Lakini moyoni nilishaichukua. Nilikuwa naiosha kama yangu."

Mwezi wa Februari Mzee Yusufu alimwita barazani.

"Mwanangu, gari naitoa sadaka," alimwambia. "Wale akina mama wanaohudumia wagonjwa, wa chama cha Ancha. Nataka uwapelekee wewe, kwa mkono wako. Ukiwapa wewe nitajua imefika."

Rajabo akajibu, "Sawa, Mzee." Alikwenda nyumbani kwa miguu, akamweleza mkewe.

"Hasira sikuwa nazo kwa Mzee," anasema Laila, akipepeta mchele uani. "Mali ni yake. Nilimkasirikia huyu. Miaka kumi na tisa, halafu anaitika sawa Mzee!"

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Rajabo aliegesha Mercedes mbele ya nyumba ya Ancha Saíde. Ancha, mjane mshona nguo, ndiye mwenyekiti wa chama hicho chenye wanachama ishirini na sita. Kazi yao ni kupikia wagonjwa wasio na ndugu, kuwafulia, na kuchangishana ili walio mbali wafikishwe hospitali kwa pikipiki.

Akina mama walilizunguka gari, wakagusa viti vya ngozi, wakacheka. Kisha wakaketi, na kicheko kikaisha. Mmoja akauliza dizeli itanunuliwa na nani. Mwingine akasema gari la chini namna ile ni la lami. Barabara za huku ni mchanga, litalala njiani na mgonjwa ndani. Ancha alikuna kichwa.

"Tunamshukuru sana Mzee," alisema. "Ila zawadi nyingine ni mzigo. Kaka Rajabo, hapa anayeijua gari hii ni wewe peke yako. Tuambie kweli. Itatufaa, au tumrudishie kwa heshima?"

Neno moja tu la Rajabo lilitosha. Angesema haifai, wangemwamini, na gari lingerudi kwenye mikono yake. Wala usingekuwa uongo mtupu, maana mchanga aliujua.

"Nikamkumbuka mama yangu," anasema, na hapo anapunguza mwendo, ingawa barabara mbele ni nyeupe.

Mama yake alivunjika paja akiwa shambani Quiterajo, mwaka 2009. Mercedes ilikuwa mbali, Palma, na pikipiki ndiyo iliyopatikana. Walimkalisha katikati, dereva mbele, Rajabo nyuma amemkumbatia, mguu umefungwa kwa kanga kwenye kipande cha mti. Kila shimo alipiga ukelele. Alifika, akatibiwa, akaishi miaka mitatu zaidi. Hakutembea tena.

"Pikipiki haibebi mtu aliyelala," anasema. "Ndilo nililowaambia wale akina mama. Nikawaambia mvua kubwa ikinyesha msiitegemee, itakwama. Lakini siku nyingine zote mgonjwa atalala nyuma kama yuko kitandani kwake. Springi nitazipandisha. Dizeli itatoka kwenye michango yenu ya pikipiki, na gari itembee kwa wagonjwa tu, isitoke kwenda arusini."

"Na dereva?" akauliza Ancha.

"Mimi," akajibu. Anasema neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria.

Kuhamisha umiliki kulichukua wiki sita na safari mbili za mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa, mpaka livrete, kadi ya gari, ikasomeka jina la chama. Mzee Yusufu aliomba aisomewe. Aliposikia jina lake halimo tena, alitabasamu, akaomba kahawa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mwanvua, mchuuzi wa vitenge pale Namoto, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Kufikia saa nne walikuwa wamekwama mchangani, kilomita nane tu kutoka mpakani. Watu waliokuwa wakilima karibu waliacha majembe, wakalinyanyua gari kwa mikono, Mwanvua akiwa ndani. Mchana wakafika hospitali ya Mocímboa da Praia, akafanyiwa upasuaji, akajifungua binti.

"Sikumbuki barabara," anasema Mwanvua, mtoto yuko titini. "Nakumbuka paa la gari, na yule baba akisema, dada, bado kidogo. Alisema bado kidogo safari nzima."

Hadi sasa Mercedes imebeba wagonjwa thelathini na wanne. Wawili hawakurudi hai. Rajabo anawataja kwa majina. Chama humpa posho ndogo, na siku zisizo na mgonjwa anatengeneza pikipiki za watu uani kwake. Laila ndiye aliyeshona lile godoro.

Hata hivyo, Rajabo ana mpango wake. Kambi ya gesi inatafuta madereva wazoefu, na mshahara wake hafichi kwamba anautamani. Ana mabinti wawili wanaosoma sekondari.

"Sijaiacha ile kazi," anasema. "Nimeisogeza mbele. Siwezi kuondoka gari ikabaki imekaa."

Kwa hiyo kila Alhamisi jioni, kwenye uwanja wa mpira, anamfundisha Ancha kuendesha. Wiki iliyopita alijifunza kurudi nyuma, akaangusha goli moja la miti. Anatarajia kufanya mtihani wa carta, leseni ya udereva, mwezi wa Novemba.

"Nikiipata," anasema Ancha, akijifunga kanga vizuri kabla ya kushika usukani, "abiria wangu wa kwanza ni huyu. Siku akiitwa kambini kwenye usaili wa kazi, nampeleka mimi. Na atakaa kiti cha nyuma."