Mende Wetu Kwa Mama Awino

Jamani, hii aibu nimeificha miaka mingi, na mama akisikia nimewasimulia atanikana, lakini wacha niitoe tu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa chuo kikuu, idara ya biolojia, na kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua eneo la utafiti wa ekolojia, basi wenzangu wakakimbilia samaki wa ziwani na miti ya msituni, mimi mvivu nikachagua wadudu wa majumbani, maana hao tulikuwa nao pale pale nyumbani kwetu Kaloleni. Unamkamata mende, unampaka doa mgongoni, unamwachilia, halafu baada ya siku chache unakamata tena uone wangapi wana doa. Nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya dada yangu (bila kumwomba), nikapaka mende arobaini wa jikoni kwetu (mama naye hakuambiwa), nikawaachilia. Siku nne sikumwona hata mmoja.

Jumapili akina mama wa kanisa wakakutana kwa Mama Awino, jirani tunayepakana naye ukuta, kuchagua mwenyekiti. Mama alikitaka kile cheo sana, na mpinzani wake alikuwa Mama Awino mwenyewe. Mimi nilikuwa nimewabebea viti, nikabaki mlangoni nikinyemelea chai.

Mara mende akatokea kwenye kitambaa cha meza. Mama hakuchelewa, akasema kwa ule upole wake wa kuumiza kwamba mende wa nyumba hii wametusumbua mwaka mzima, na kiongozi huanza na jiko lake. Wenzake wakaguna kukubali. Alikuwa ameshinda, nawaambia, mpaka nilipoliona doa, nikasahau niko wapi, nikaruka na kisanduku changu cha kiberiti cha kukamatia mende.

"Huyo ni wetu," nikasema. "Ametoka jikoni kwetu, nimempaka rangi mwenyewe Jumatano."

Mama Awino akamwangalia mende, akamwangalia mama.

"Mama Ouma, mgeni wako amefika. Tumwekee chai?"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje, na waliporudi wakamchagua Mama Awino. Nilimwonea mama huruma, alitabasamu tu kama mtu anayeumwa jino.

Nyumbani hakunigombeza. Alikaa, akavua kitambaa cha kichwa, akaniuliza nimepaka wangapi. Nikamwambia.

"Na hao thelathini na tisa wako kwa nani?"

Nikamjibu kwamba, kwa kweli, hilo ndilo swali la utafiti wenyewe.

Alama nilipata nzuri. Lakini naapa, nikitafiti tena nitatafiti miti, na iwe mbali na mtu yeyote anayemjua mama.