Ile "Ga" Niliyoitupa Dar

Nimeigiza miaka zaidi ya thelathini na sijawahi kuaibika kama siku ile Butiama. Nimekuwa daktari, jambazi, hakimu, sheikh wa Tanga, na mara moja maiti, nimelala ndani ya jeneza huku chafya imenibana. Zote nilizimudu. Halafu nikapewa kuwa mzee mfugaji wa huku huku Mara, nilikozaliwa, na ndiyo ikanishinda.

Chanzo chake ni cha zamani. Nilipofika Dar nikiwa kijana, kwenye usaili wa kwanza niliulizwa kama nimewahi kuigiza. Nikajibu, "Shuleni nilikuwaga naigiza, na kanisani naimbaga kwaya." Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwongozaji akaniambia nirudi nikishaiacha hiyo "ga" yangu. Nikaiacha! Nilijichunga kila neno, nikawaiga watu wa pwani mpaka wakawa wananiuliza kwetu ni Pangani au Tanga mjini. "Ga" ikaondoka, kazi zikaja. Sikuisikitikia hata kidogo.

Mwongozaji wa safari hii ni binti wa rika la wanangu, ana adabu zake. Alinikatiza mara nane, mbele ya ng'ombe na wanakijiji tuliowaomba wawe majirani zangu kwenye filamu. "Samahani mzee wangu," alisema, "lakini bado unaongea kama mtu wa Tanga." Nikaona, ngoja niwaonyeshe. Nikapaza sauti: "Jana nilikulaga ugali, nikaendaga mnadani, nikanunuaga dume moja!" Jamani! Walicheka, mama mmoja akakaa chini kabisa. Binti akanivuta pembeni. Kesho asubuhi tunajaribu mara ya mwisho, akasema, na isipokaa sawa, nafasi yangu atapewa mzee mmoja wa pale pale kijijini. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu nikakaribia kufukuzwa.

Niliogopa, sifichi. Kazi nyingine ningepata. Niliogopa kwamba yule mtoto wa Buswahili, kijiji nilichokulia, hayumo tena ndani yangu, kwamba nimebaki na sauti za watu wengine tu. Badala ya kurudi na wenzangu hotelini mjini, mtaa wa Mukendo, nikaomba gari linipeleke Buswahili, kwa dada yangu mkubwa.

Nilimkuta anageuza mihogo aliyoianika juani, kijiti mkononi cha kufukuzia kuku. Nikamweleza shida yangu, nikamsomea na ile sentensi ya ugali na dume. Hakucheka.

"Eboo! Nani kakufundisha hayo? Jana ulikula ugali mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi ulikula. Ga ya nini? Ga ni ya kitu cha siku zote. Mimi naanikaga mihogo. Kuku wananisumbuaga. Na wewe..." akaninyooshea kile kijiti, "wewe hukujagi. Tukikuona hapa, kuna msiba."

Damu ikanipanda. "Mimi sikujagi? Mimi? Nilikuwaga nakuja kila Krismasi! Na simu nakupigiaga, wewe ndiyo hupokeagi! Unaiachaga kabatini huko, halafu unanisemaga kwa watu!"

Dada akashika mdomo. Kuku wakaingia kwenye mihogo, hakuwafukuza. "Mama yangu," akasema polepole, "hivyo hivyo ndivyo baba alivyokuwaga anagomba."

Ndipo na mimi nikajisikia ninavyoongea. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikakaa pale pale chini kando ya mihogo. Ilikuwemo. Miaka yote hiyo nilidhani nimeitupa, kumbe ilikuwa inangoja nikasirike. Tulikula ugali na furu, vile visamaki vya ziwani, na dada akanigombeza tena kwa kula haraka.

Asubuhi nilifanya ile sehemu mara moja tu. Nilimfikiria dada na kile kijiti, nikafungua mdomo. Yule mama aliyekaa chini jana yake akanijibu kwa ukali, akanituhumu kwamba ng'ombe wangu wanakulaga mtama wake, maneno ambayo hakuna aliyemwandikia. Binti akasema imepita. Nilipumua, we acha tu!

Kabla ya kurudi Dar nilipitia Buswahili kuaga. Dada alikuwa pale pale kwenye mihogo yake.

"Dada, mimi naondoka. Nitakuja tena."

Akaacha kugeuza mihogo, akanitazama.

"Kuja tena ni mara moja," akasema. "Sema vizuri."

"Nitakuwa nakujaga."

"Haya," akasema, akanishika mkono. "Sasa nenda."