Utani Kwenye Gazeti la Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu, nilishika mwiko. Mhariri alinipokea mlangoni, akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, akauliza, "Binti, unajua kukoroga uji?" Nikasema najua, mimi wa Usevya nishindwe na uji? "Basi pika wa muhogo, uwe mzito." Nilidhani ni wa kunywa. Kumbe ndiyo gundi ya gazeti!

Nawaeleza nyie vijana wa blogu na magrupu, maana mkija kunifundisha simu mnaona kama kabla yenu palikuwa giza tupu. Jamani! Miaka ya tisini hapa Mpanda magazeti ya Dar yalikuja kwa treni, na treni ilikuja ikijisikia. Kwa hiyo kituo chetu kidogo cha habari, jirani na soko, kilikuwa na gazeti la ukutani: karatasi kubwa zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Humo utasoma mvua ilikonyesha, nani kapotelewa na ng'ombe, timu gani imefungwa. Adui yetu mkubwa alikuwa mbuzi. Gundi ya muhogo waliipenda, na asubuhi nyingine tulikuta ukurasa wa michezo umeshaliwa wote.

Pembeni mwa kila karatasi Mhariri aliacha nafasi tupu, akaning'iniza penseli kwa kamba ya katani. Tuliiita uwanja wa wasomaji. Una neno, unaandika. Ndizo hizo hizo komenti zenu. Nikiandika kwamba barabara ya Kasokola inapitika, mtu wa Kasokola anaandika chini: "Mwandishi, njoo upite wewe kwanza." Nami nachukua baiskeli naenda, narudi na tope mpaka magotini, nasahihisha. Chanzo cha habari, yaani mtu au mahali habari ilikotoka, kwetu alikuwa anakusubiri palepale ubaoni.

Sasa kulikuwa na mama mmoja Msukuma, Mama Kulwa, aliyehamia Mwamkulu na familia yake na ng'ombe wao. Kila asubuhi alileta maziwa mjini. Mbele ya ofisi yetu alikaa fundi viatu, Mzee Katabi, Mfipa. Hao wawili walikuwa watani wa kikabila, na mtani anakutukana mpaka msibani, ukikasirika umeshindwa. Nilikuwa nawasikia nikipika gundi yangu.

"Msukuma, leo tena umetuletea maziwa ya ng'ombe mgonjwa?"

"Kunywa, Mfipa, ufe! Nitakuja kukuzika nikicheza ngoma."

Mtaa mzima ulicheka. Siku moja Mama Kulwa alichelewa. Katabi akachukua ile penseli, akaandika kwenye uwanja wa wasomaji: "Maziwa ya Mama Kulwa wa Mwamkulu yana ugonjwa. Nimeyanywa nikaumwa." Alitaka mtani wake ayasome akifika, amjibu palepale. Akacheka peke yake, akarudi kwenye viatu vyake.

Bahati mbaya waliosoma kabla ya Mama Kulwa walikuwa wageni, wasiomjua Katabi wala sauti yake. Karatasi haionyeshi kwamba mwandishi anacheka. Wakayabeba maneno yale, nayo yakaongezeka njiani: mara mtoto kalazwa, mara mzee kafa. Mama Kulwa akaanza kurudi nyumbani na ndoo imejaa vilevile. Mumewe alikuwa mbali malishoni, na maziwa yale ndiyo yaliyowalisha watoto. Haikuishia hapo. Majirani wakaanza kusema familia ile ihame Mwamkulu kabla mifugo ya wengine haijaambukizwa.

Alikuja ofisini, akakataa kiti. "Gazeti lenu linanifukuza," alisema. "Nimelima pale. Nimezika mtoto pale. Niende wapi?"

Niliinuka kwenda kuibandua ile karatasi. Mhariri akanizuia. "Ukibandua watasema tumehongwa tufiche. Iache. Kamlete bwana mifugo."

Bwana mifugo akawapima ng'ombe wote, wazima kabisa. Nikaandika kichwa cha habari, yale maneno ya juu yanayomwita msomaji, kwa herufi za kuonekana toka sokoni: NG'OMBE WA MAMA KULWA WAZIMA. Kufika jioni penseli ilikuwa imeshajibu: "Mmepewa ndama gani?" Nilichukia, siwafichi. Ukweli nimeubandika kwa gundi yangu mwenyewe na bado hautoshi!

Hapo ndipo Mzee Katabi alipovuka barabara, uso umemshuka. "Ni mimi niliyeandika," alimwambia Mhariri. "Ulikuwa utani."

Mhariri akamjibu, "Kesho ni gulio, watu wote watakuwepo. Uje useme kwa mdomo wako, Mama Kulwa mwenyewe akiwepo."

Siku ya gulio watu walijaa mbele ya ubao. Mama Kulwa alikuja na ndoo yake, nadhani kwa ubishi tu. Katabi akasimama, machozi yanamtoka. "Mama Kulwa, nisamehe, mimi..."

"Wee Mfipa!" akamkatiza. "Tangu lini mtani anaomba msamaha? Na wewe unataka kunifanya mgeni hapa?" Akachota maziwa, akamkabidhi kikombe. "Kunywa, ufe!"

Katabi akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo. Halafu akaanguka chali, pu! Watu wakarudi nyuma, mwanamke mmoja akapiga yowe. Mama Kulwa akatupa kitenge chini, akapiga magoti, akaanza kumlilia kwa sauti ya matanga. "Maskini Mfipa wangu! Kafa hata kuoga hajaoga!"

Maiti ikashindwa kujizuia, ikacheka. Gulio zima likapasuka kwa kicheko, na wakati bado wanajifuta machozi watu wakaanza kunyoosha vikombe kwenye ile ndoo. Maneno ya kuhama hayakusikika tena. Mhariri aliongeza kanuni moja tu: ukishika penseli, andika na jina lako.

Baadaye nilihamishiwa Sumbawanga, chini ya Mkuu wa Chumba cha Habari ambaye hakutaka hata kusikia habari ya wasomaji. Nikaenda redioni, nikarudi tulipopata mkoa wetu, nikastaafu hapa hapa. Vijana wangu nyie mkanifungulia blogu, na nawashukuru, ingawa mnafundisha kwa haraka mno.

Mwaka aliofariki Mzee Katabi, Mama Kulwa alikuja msibani. Alimtukana marehemu mpaka wafiwa wakacheka, kisha akakaa nyuma ya nyumba akalia peke yake kwa uchungu. Niliyaandika yote kwenye blogu, nikaweka na picha ya Mama Kulwa akicheka. Komenti ya kwanza ikaja, haina jina: "Huyu bibi hana adabu. Angefukuzwa."

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Sikubonyeza. Nilipanda bodaboda mpaka Mwamkulu, nikamsomea Mama Kulwa, huku naogopa nitamuumiza mtu aliyekwisha kuambiwa neno hilo la kufukuzwa. Alisikiliza huku anapepeta mpunga.

"Muulize kwanza ni kabila gani," akasema. "Kama ni mtani, mwambie hajatukana vya kutosha."