Kivuko cha Kwenye Ramani

Siku moja kabla vita havijatufikia nilikuwa nabishana na mama juu ya mto. Mimi mwalimu wa jiografia katika bonde la Ruzizi, Kongo. Yeye mkulima wa mpunga ambaye hakumaliza hata darasa la pili. Nilikuwa naandaa somo: milima magharibi, mto mashariki, Burundi ng'ambo, na katikati mashamba ambayo Wabelgiji waliwalazimisha babu zetu kulima pamba. Nikaweka kidole kwenye ramani ya kitabu. "Na hapa ndipo watu wanavuka kwa miguu. Maji ya magotini."

Mama akacheka. "Mwalimu, ile kivuko haiko tena pale. Mto ilihama tangu ile mvua kubwa. Sasa tunavukia kule chini, kwenye matete."

"Mama, hiki ni kitabu!"

Jamani, kitabu! Hata leo, na mvi zangu hizi, nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Kilichapishwa kabla sijazaliwa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mizinga ikaanza kulia kutoka milimani. Shule ikatawanyika. Tukakimbilia mtoni, mimi, mke wangu Furaha na mama. Penye njia panda mama akashika ya kwenda kwenye matete. Nikamvuta mkono, nikamwambia huu si wakati wa ubishi.

Akanifuata. Sokoni alikuwa akijisifu kwamba mwanawe ni mwalimu.

Tukaingia majini.

Hatua tano, magoti. Ya sita, hakukuwa na chini.

Furaha nilimdaka nywele. Mama sikumdaka.

Hakupiga kelele. Nilikiona kitenge chake kikizunguka mara moja, kisha maji tu. Mkondo ukatutupa ng'ambo, mimi na Furaha, karibu na matete. Pale watu walikuwa wanavuka kwa miguu, mizigo kichwani.

Tulifika Durban, Afrika Kusini, baada ya miezi mingi. Tulikaa Clairwood, chumba kimoja nyuma ya ghala, watu saba, na kila mmoja aliniimbia wimbo uleule: bila karatasi ya ukimbizi mtarudishwa. Nikaenda ofisini, nikaandika maelezo ya tulivyokimbia na mama alivyozama. Afisa alitaka nichore kwetu, ajue kama sidanganyi. Mkalimani alikuwa dada mmoja Mtanzania, mpole, amechoka kama sisi.

Nikachora vizuri, si mwalimu mimi! Kivuko nikakiweka kwenye matete.

Afisa akafungua ramani yake. Eish! Ni ileile ya kitabu changu. Akatikisa kichwa.

"Kaka, anasema wewe hutoki huko," dada akatafsiri. "Kivuko si hapo."

"Mwambie mto ulihama!"

"Anasema mito haihami. Urudi wiki ijayo, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho."

Mito haihami! Nilitoka nikiongea peke yangu mpaka kwenye robot, taa za barabarani, watu wakinipisha. Nilimkasirikia yule mtu mpaka nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe ndivyo nilivyomjibu mama.

Wiki iliyofuata nilichora kama kitabu. Afisa akatabasamu. Halafu akapekua maelezo niliyoandika mara ya kwanza, akauliza kitu. Dada akatafsiri.

"Anasema hapo maji ni ya magotini. Sasa mama yako alizamaje?"

Furaha alikuwa kwenye benchi, mimba ya miezi saba, ananitazama.

"Mwambie nilikosea kuandika," nikasema. "Tulivuka wote watatu."

Muhuri ukagongwa.

Mama hatukumpata. Hana kaburi, hana cheti cha kifo. Karatasi moja tu duniani inamtaja, iko ndani ya faili Durban, na inasema alivuka salama.